Mama Akataa Ushindi wa Bure

Mama alipofanyiwa upasuaji wa goti, tulimleta kwetu mtaani Kabiria apate nafuu. Alikuwa amefundisha hesabu miaka mingi huko Kakamega, na mimi nilipitia darasani mwake, kwa hiyo nasema kwa uhakika: hakuwahi kumpa mtu alama ya bure.

Ili asichoshwe na kukaa, nilimwekea kwenye simu gemu ya kupanga peremende. Ukizipanga tatu za rangi moja, simu inapiga muziki, inamwaga nyota na kukuita hodari. Haukupita muda akanirudishia.

"Hii kitu inanisifu ovyo. Kwani nimefanya nini?"

"Umeshinda, Mama."

"Nimeshinda nani?"



Mume wangu naye alikuwa na gemu ya mpira kwenye televisheni ya sebuleni. Jioni akitoka kazini mjini, alivua viatu, akafunga mabao tisa, akashangilia kila moja kama aliyeokoa taifa. Mama alimtazama kutoka kiti cha mbali, maana kwa desturi ya kwetu mama mkwe hakai karibu na mkwewe.

"Kijana wangu," akasema siku moja, "hao unaocheza nao ni wagonjwa?"

Ikabidi akiri kwamba alikuwa amechagua kiwango rahisi kabisa. "Nikifika nyumbani nimechoka, Mama. Nataka tu kushinda."

"Basi niwekee kile kigumu."

Desturi ikalegea, kiti kikasogezwa. Mama alifungwa jioni ile, na zile zilizofuata. Alikuwa akichanganya vitufe, hata golikipa wake akawa anatoka golini taratibu kama anayekwenda dukani kununua chumvi. Alimkemea golikipa. Alimkemea refa. Mtaalamu wa mazoezi alipokuja kuangalia goti, alikuta vidole ndivyo vilivyopata nguvu.

"Mama, leo umefungwa sita tu," mume wangu akamtania. "Unaendelea vizuri."

"Naendelea, ndiyo. Wewe je?"

Jumapili moja, baada ya kanisa, mpira ulimgonga beki wa wapinzani mgongoni ukaingia wavuni. Mama akasimama bila mkongojo na kupiga vigelegele hadi jirani akaja mbio kuuliza kama kuna mtu ameposwa.

"Nimefunga bao!" Mama akamwambia.

"Kwa hivyo mmeshinda?"

"Tumefungwa nne kwa moja," akajibu, uso wote ukimng'aa. Jirani akampa pongezi, ingawa nadhani hakuelewa.

Kesho yake nilikuwa jikoni nikagundua sebuleni kumekuwa kimya. Nikachungulia. Mume wangu ameinama mbele ya televisheni, ametoa ulimi kidogo, anacheza kile kiwango kigumu na ameshafungwa matano.

"Chakula tayari," nikamwambia.

"Ngoja kidogo. Nimeshajua mahali ninapokosea."

Tulikula bila yeye, mimi na Mama, na ugali wake ukapoa kwenye sahani.