Nikimwambia Mume Wangu Wateja Wamejaa, Asubuhi Ramani Inasema Nimefunga

Admin, jina langu likae kwako tu, maana majirani na wateja wangu nao wanaufuata ukurasa huu.

Nina miaka thelathini na sita, ni Mkongomani, mama wa watoto wawili, naishi Luzira hapa Kampala. Mume wangu ni askari, mtu wa kaskazini mwa Uganda. Ni mpole, hanywi, hajawahi kuninyanyulia mkono. Nayasema hayo mapema ili msije mkaniambia nimeolewa na mnyama. Nina chumba cha masaji na mvuke Bugolobi, chini ya magorofa. Nakanda madereva wenye migongo mibovu, akina mama waliotoka kujifungua, watu wa ofisini. Ni kazi safi na mlango wangu wa mbele ni wa kioo.

Nilipoanza, biashara niliiweka kwenye ramani ya simu kwa jina nililolitoa kwenye Biblia, kwa sababu kwetu ukianza kitu unakikabidhi kwa Mungu kwanza. Basi watu wakawa wananipigia kuuliza ibada inaanza saa ngapi. Mmoja alitaka kuombewa mguu. Mteja wangu mmoja, dada Mkenya anayefanya kazi za mitandao, alicheka mpaka akakaa chini.

"Dada yangu, mtu anayeumwa mgongo hatafuti Biblia," aliniambia. "Anaandika masaji Bugolobi. Na wewe andika hivyo hivyo."

Tukabadilisha jina. Tukatoa picha za Wazungu nilizookota mtandaoni, tukaweka za chumba chenyewe na taulo zangu. Tukaandika saa za kufungua na namba ya simu. Akanifundisha kuwaomba wateja waandike maoni, na kila maoni niyajibu, hata ya mtu aliyekasirika. Simu yangu ilikuwa kwa fundi, kwa hiyo yote hayo tuliyafanya kwa simu ya mume wangu. Yangu iliporudi nikaifungua akaunti humo pia, na kuitoa kwenye simu yake sikukumbuka tena.

Wateja wakaja kweli, wengine kutoka mbali, wanasema wameniona kwenye simu. Halafu wakapungua ghafla. Nikakutana dukani na mama mmoja ambaye nimemkanda tangu mimba yake ya kwanza, akashangaa kuniona.

"Nyabo, kumbe uko? Ramani ilisema umefunga kabisa. Mimi nikaenda pengine."

Nikatazama simu. Imeandikwa kwa rangi nyekundu: imefungwa kabisa. Nikarekebisha. Baada ya siku chache, tena imefungwa. Nikarekebisha, ikafungwa. Nikamshuku jirani mwenye saluni, kwa sababu na yeye siku hizi anakanda. Nikaacha kumsalimia. Taulo zangu nikazitoa kwenye kamba yetu ya pamoja, akaniuliza amenikosea nini, nikamwambia hakuna kitu.

Yule dada Mkenya akaja, akaichunguza akaunti.

"Huyu si mtu wa nje," alisema. "Mabadiliko yanatoka ndani ya akaunti yako. Nani mwingine anayo?"

Nikajibu hakuna. Nilikuwa juu ya boda narudi nyumbani ndipo nilipoikumbuka simu ya mume wangu.

Sikumuuliza. Sisi mume akirudi unamkaribisha na habari za siku, na yeye swali lake ni lile lile kabla hajavua viatu: "Mama Grace, leo watu ilikuja?" Siku hiyo nilikuwa nimekanda mpaka vidole vimevimba. Nikamwambia hakuna aliyekuja, nione asubuhi ramani itasemaje.

"Pole sana. Kesho itakuwa mzuri," alisema, akanishika bega.

Asubuhi ramani iko wazi. Kesho yake nikadanganya tena, ikabaki wazi. Kisha ikaja siku ambayo kweli hakuingia mtu, nilishinda nikikunja taulo zile zile. Nikamwambia wamejaa mpaka wengine nimewarudisha. Akatabasamu, akasema, "Asante Mungu," akaomba maji ya kunawa. Asubuhi nimefungwa kabisa.

Sijui ni wivu au ni aibu. Niliwahi kumsikia mwenzake wa kazini akimtania kwamba mkewe anashika migongo ya wanaume, na yeye akacheka pamoja naye. Au kuna jambo lingine nisilolijua? Siku hizi hata akinisalimia najiuliza anatafuta nini. Naumia, na ninamwogopa mtu ambaye hajawahi kunigombeza.

Tangu hapo kila jioni naleta habari mbaya. Na yeye kawa mume ambaye sijawahi kuwa naye: ananiletea chapati, ananikanda miguu, ananiambia nisikate tamaa. Nikishindwa ananipenda, na mimi nimeanza kuyazoea hayo mapenzi. Hilo ndilo linalonitisha zaidi.

Neno la siri naweza kulibadilisha sasa hivi nikamtoa kwenye akaunti. Lakini atajua kwamba najua, na hapo nyumba yangu sijui itasimama wapi. Nikinyamaza, nitakuwa naficha jasho langu kama mwizi. Jana kabla ya kula alinishika mikono yote miwili, akaomba Mungu amfungulie mke wake milango ya biashara. Watoto wakasema amina. Na mimi nikasema amina.

Ninyi wenye ndoa, niambieni: nimtoe kimyakimya, nimkalishe nimuulize, au niendelee kudanganya nipendwe? Na wewe mteja wangu, kama umenitambua humu, ukiona ramani inasema nimefunga, njoo tu. Nipo.