Siku Kobe Alipoharakisha

Mtaa mzima ulimwita Kobe, na wala hakununa. Alikuwa fundi wa kompyuta. Chumba chake kilibanwa kati ya mshonaji na duka la dawa, na ukutani, juu ya meza ya kazi, aliandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: KAWIA UFIKE. Ukimpelekea mashine ukamwambia unaitaka kesho, anakutazama kama umemtukania ukoo. "Kesho nitakuwa bado naipima," anasema. Na kweli angeipima. Akibadilisha memori, kile kijibao chembamba kama kitana ambacho kompyuta hushikia kazi iliyo mkononi, basi mashine haitoki mezani mpaka programu ya kupima imekwenda mchana kutwa bila kuonyesha kosa hata moja. Watu walimsema, wakamnunia, kisha wakarudi. Vitu vyao havikupotea mikononi mwa Kobe.

Asiyemwelewa alikuwa mama yake mzazi. Mama alikuwa mtu wa chapuchapu, na katika watoto wake watatu, yaani binti, Kobe na kitinda mimba, aliyemrithi ni huyo wa mwisho. Walimwita Umeme, na jina linajieleza. Umeme alikula amesimama, akaoa ndugu hawajamaliza kuuliza binti ni wa nani, na mama alimpenda waziwazi, bila hata kujisumbua kuficha. Kobe alikua akisikia wimbo mmoja tu: "Harakisha, wewe! Mwenzio kashafika!" Akitumwa chumvi, chumvi inafika chakula kimeshaliwa. Hayo yalimuuma, na asikudanganye mtu kwamba ukishaota mvi yanaacha kuuma.

Lakini ndugu wale walipendana. Kabla figo hazijamlaza kitandani, Umeme aliingia dukani na kiboksi mkononi: memori mbili mpya, zawadi kwa mashine ya kazi ya kaka yake. Kwenye karatasi yake kasi imeandikwa kwa maringo, elfu tatu na mia sita. Kobe akazipachika, mashine ikawaka, ikasoma elfu mbili na kidogo.

"Kaka, mbona zinatambaa?"

"Ndivyo zinavyoamka, kwa kasi ya woga," Kobe akasema. "Ile iliyoandikwa unaiwasha mwenyewe, kwenye ukurasa wa mipangilio, kabla mashine haijafumbua macho vizuri. Zipo zinazoivumilia, na zipo zinazoshindwa. Mpaka nizipime."

"Utazipima lini?"

"Nikipata nafasi."

Umeme akacheka mpaka mshonaji akachungulia mlangoni. "Jamani! Mtu kapewa farasi, anamfunga kamba miguuni! Kaka, mimi nitakufa hujaiwasha hiyo kasi."

Akafa, na ilikuwa haijawashwa. Kuna mizaha ambayo ingekuwa heri mtu aimeze.

Siku zake za mwisho, Umeme aliwaomba watu wote watoke wodini, akafungua kompyuta yake ndogo, akajirekodi akizungumza na mama. Alipomaliza akamkabidhi mkewe: "Mpe mama akiwa tayari." Mama hakuwa tayari. Mwaka mzima kila akitajiwa jambo hilo anajibu, "Bado." Mkewe, mwanamke mwenye adabu zake, hakuifungua, kwa sababu maneno hayakuwa yake. Aliiweka chini ya kabati. Paa likavuja pembeni ya chumba, maji yakapenya chini ya kabati, na hakuna aliyejua.

Kisha mama naye akaanguka. Moyo ulikuwa umechoka. Daktari akasema, mrudisheni nyumbani akae na watoto wake, na sote tunajua daktari akisema hivyo ana maana gani. Wakamlaza chumba cha nyuma kwa binti yake. Asubuhi moja akafumbua macho, akasema, "Haya. Nileteeni mwanangu nimsikie."

Mjane akakimbia na ile kompyuta mpaka dukani kwa shemeji yake. Kobe akatoa diski, ambamo maneno yale yamehifadhiwa, akaiunganisha na umeme kidogo tu, akainamisha sikio. Ilikwaruza kama mchanga kwenye sufuria. Akaizima haraka.

"Shemeji, hii inakata roho," akasema. "Itawaka mara moja tu, basi. Ikizimika katikati, tumekwisha."

"Lakini maneno yatatoka?"

"Yatatoka. Nitayachota kidogo kidogo niyatie kwenye mashine yangu. Ila polepole, shemeji. Labda mpaka jioni."

Mjane akakaa kwenye stuli, akakunja mikono mapajani. Simu ikalia. Alikuwa dada yao mkubwa. "Anapumua kwa shida," akasema. "Kobe, nakuomba, leo tu, usiwe Kobe." Na nyuma ya sauti yake, mbali, Kobe akaisikia nyingine, nyembamba, inayojikongoja: "Mwambieni aharakishe."

Hapo akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aanze ufundi. Alizima mashine yake ya kazi, akaiwasha, akaingia kwenye ukurasa wa mipangilio, akashuka mpaka ule mstari aliokuwa akiupita kila siku, akabonyeza. Mashine ikaamka ikasoma elfu tatu na mia sita. Mwaka na zaidi baadaye, zawadi ya Umeme ikawa inakwenda kama ilivyoandikwa.

Sasa nisikilize vizuri. Kizito kilikuwa ile diski chakavu, si memori. Diski inayokufa haisomeki upesi kwa sababu memori imewekwa kasi, na Kobe alilijua hilo kama anavyoijua njia ya kwenda kwao. Akajiambia kwamba baada ya kuchota kutakuwa na kazi ya kuunganisha vipande, na huko kasi ingemwokolea nusu saa. Nusu saa! Ukweli ni kwamba mkono ulitaka kufanya kitu. Mama kasema harakisha, na mtoto kwa mamaye hakui. Halafu kulikuwa na kile kicheko cha Umeme, ambacho kwa mwaka mzima hakikumtoka masikioni, na kwa mara ya kwanza akaona kama wanacheka pamoja. Kupima? Angepima baadaye.

Akaiwasha diski. Ikakwaruza, ikasita, ikashika. Kwenye kioo mstari wa kijani ukaanza kusogea.

"Unaona, shemeji?" akasema, na alikuwa anatabasamu. "Farasi kafunguliwa kamba."

Mstari haujafika mbali, mshale ukaganda katikati ya kioo. Kobe akasukuma kipanya. Kimya. Akabonyeza hiki na kile. Kioo kikawa cheusi, mashine ikajizima, ikajiwasha upya yenyewe, na ilipojizima iliikatia diski umeme. Diski ikajaribu kuzunguka tena. Ikagonga, tik, tik, tik, kisha ikanyamaza. Akabadili waya, akabadili mashine, akaishika viganjani akaipasha joto, akafanya hata yale ambayo huwacheka mafundi wengine kwa kuyafanya. Haikuzunguka.

"Shemeji? Imekuwaje?"

Mikono ya Kobe, kwa mazoea tu, iliiwasha programu ya kupima memori. Mstari mwekundu ulitokea hata hajaweka bisibisi chini. Kosa la kwanza, la pili, kisha yakaja mengi kama siafu. Zile memori hazikuivumilia kasi yake. Asubuhi ileile, angesubiri muda wa kunywa chai tu, angejua.

Kilichookoka kilikuwa kipande cha mwanzo. Akakihamishia kwenye kompyuta ya kubeba, wakaenda.

Mama alikuwa ameegemezwa mito, dada amekaa nyuma yake amemshika mabega. Kobe akaweka kompyuta kitandani, akabonyeza. Umeme akatokea, mashavu yameingia ndani, meno yote nje.

"Mama, usianze kulia, sijasema kitu bado," akasema. Mama akacheka, kicheko kisichozidi pumzi. "Shikamoo kwanza, usije ukasema sina adabu."

"Marahaba, baba," mama akakijibu kioo.

"Nimewatoa wote nje kwa sababu nataka kusema habari ya kaka. Mama, ulivyokuwa unatulinganisha mimi na kaka, mimi siku zote nilikuwa najua kwamba..."

Picha ikasimama. Mama akangoja.

"Endelea," akasema.

"Imeishia hapo, mama."

"Ndiyo kwanza ameanza."

Angeweza kuyasingizia maji. Angeweza kuisingizia diski, na nani pale angejua? Kobe akapiga magoti pembeni ya kitanda. "Mimi ndiye niliyeipoteza. Niliwasha kasi bila kupima. Niliharakisha, mama."

Mama akamtazama. Hakuwa na hasira, na ingekuwa afadhali angekuwa nayo.

"Maisha yako yote nimekuomba uharakishe," akasema. "Ukachagua leo."

Kobe akalia, mtu mzima na mvi zake, mbele ya dada yake na shemeji yake, bila kujifunika uso.

"Rudisha mwanzo," mama akasema.

Akarudisha. Usianze kulia. Shikamoo kwanza. "Marahaba, baba." Na Umeme alipofika pale pa "nilikuwa najua kwamba," mama akainua kidevu kidogo kutoka kwenye mto, akatega sikio, kana kwamba safari hii ataendelea. Kobe, ambaye alijua kuliko yeyote nyumba ile kwamba mbele yake hakuna kitu, akajikuta naye amebana pumzi.

"Rudisha."

Wakaendelea hivyo mpaka jua lilipohama dirishani. Hakuna aliyethubutu kumwambia inatosha. Mara nyingine mama alicheka mahali pa kucheka, mara nyingine alifumba macho akaitikia kwa midomo tu. Kobe akarudisha tena. Kwenye kioo Umeme akasema shikamoo, na safari hii hakuna aliyemwitikia. Dada akaanza kulia. Kobe hakuizima. Aliiacha iende mpaka pale inapokatika.