Midomo ya Mkunga Tamsin

Sisi Waingereza tuliokimbilia Amsterdam kwa ajili ya imani tulimpenda Tamsin Dowsett kwa mikono yake, ila midomo yake hatukuiamini. Alikuwa mkunga. Kule kwetu askofu alimpa ruhusa: mtoto akielekea kufa, amnyunyizie maji na kutaja Utatu, keshabatizwa. Huku tulikuwa tumeyakataa hayo. Mchungaji wetu alijibatiza mwenyewe, kisha akatubatiza sisi watu wazima, kila mtu akikiri kwa kinywa chake. Mtoto mchanga atakiri nini?

Tamsin naye alibatizwa siku ile, akilia. Lakini wanawake walinong'onezana: mazoea ya miaka yote hiyo yanatoka kwa machozi? Ikawa kila mtoto akizaliwa, tunamtazama kwanza paji la uso. Limelowa. Ni jasho, au?

Basi dada mwenzetu Agnes akajifungua, kwenye chumba cha nyuma ya tanuri la mikate tulikopanga. Mtoto alitoka kimya, rangi imemgeuka. Ursula, aliyekuwa akishika vitambaa, akamwona Tamsin anachota maji baridi na kummwagia mtoto usoni, huku midomo inacheza. Mtoto akalia. Ursula hakungoja hata kitovu kikatwe. Alitoka mbio kwenda kusema.

Jumapili Shemasi Gervase akamsimamisha Tamsin mbele ya kanisa. Akionekana ana hatia atatengwa, na katika mji wa wageni, ukitengwa na sisi huna hata wa kukuzika.

"Dada Tamsin, ulimbatiza yule mtoto?"

"Nilimwamsha, ndugu."

"Na midomo ilikuwa inasema nini?" Ursula akadakia. "Usituzunguke, mama. Niliiona!"

"Uliiona, hukuisikia. Mbio zako hizo! Ungekaa ungesikia."

"Haya, sema sasa."

Tamsin akainama. "Naona haya mbele ya wanaume."

Loo! Watu wakatazamana. Mtu asiye na neno la kuficha anaona haya ya nini? Gervase alikwisha kufumba macho tayari kuomba kabla ya kumtenga, ndipo Agnes, ambaye hata nguvu hazijamrudia, akainuka kwa kushikilia benchi.

"Mimi nilisikia. Alimwambia, 'Pumua, mkojozi wewe, mama yako kachoka kukusukuma!'"

Kanisa zima likacheka. Gervase hakucheka.

"Na kama angekufa, Dada Tamsin?"

Kicheko kikakatika.

"Ningempakata mpaka aondoke," Tamsin akasema. "Mungu anawajua watoto bila maji yangu. Kama siamini hivyo, mimi nilibatizwa ya nini?"

Hakutengwa, namshukuru Mungu. Lakini shaka haifutiki kwa siku moja. Zamu ya Ursula ya kujifungua ilipofika, alimwita Tamsin huyo huyo, akamkamata kifundo cha mkono.

"Sema kwa sauti, mama. Kila neno."

Tamsin akasema kwa sauti, na mengine hayafai kuandikwa, mpaka mtoto akatoka analia.