Fomu za Madam Jedidah

Madam Jedidah alifundisha historia katika shule ya upili ya kutwa hapa Suna. Wakati wa likizo alisomea shahada ya pili. Nilikaa naye meza moja ofisini, kwa hiyo nilisomeshwa bila kulipa karo.

Tasnifu yake ilihusu kufundisha darasa la mjini lenye makabila mengi. Darasa alikuwa nalo: Wajaluo, Wakuria, Wakisii, Waluhya, hata Wasomali wawili. Profesa alitaka fomu zijazwe na wazazi kabla ya Agosti kwisha, la sivyo Jedidah angerudia mwaka mzima.

Swali la kwanza liliuliza: babu yenu alitoka wapi, akaja Suna lini? Mtu msomi kiasi hicho, akauliza hivyo mwaka wa 1997, uchaguzi ukinukia! Uchaguzi uliotangulia, kwingineko watu walichomewa nyumba kwa sababu ya jibu la swali hilohilo.

Fomu zilirudi upesi. Zote zilisema, “Tumezaliwa hapa hapa Suna.” Hata ya Onchiri muuza ndizi, ambaye kila Krismasi hutuaga akienda kwao Kisii. Hata ya kwangu, maana binti yangu Dorine alikuwa darasani humo, na mimi ni mtu wa Sindo. Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Kisha nikaona Jedidah analia, nikaona haya.

Akaita wazazi Ijumaa, kwa kuwa Jumamosi ni ya Wasabato na Jumapili ya Wakatoliki. Naibu chifu naye akaja, bila kualikwa, akasimama mlangoni.

“Hii ni ya masomo tu,” Jedidah akasema.

Mzee Masese, Mkuria mpole, akainuka. “Hatukatai, Madam. Lakini jaza yako kwanza, tuone vile inajazwa.”

Jedidah ni mzaliwa wa Mfangano, na ukimuudhi atakutajia kisiwa chao kutwa. Ila alikuwa ndio kwanza amejenga nyumba Suna. Akamtazama naibu chifu, akaandika.

Masese akasoma kwa sauti: “Nimezaliwa hapa hapa Suna.”

Naibu chifu akaridhika, akaenda zake. Masese akasubiri pikipiki ya naibu isisikike tena, ndipo akafunga mlango.

“Sasa tunaelewana,” akasema. “Weka kalamu chini, Madam, tukuambie tulikotoka.”