Waya Chini ya Busati

Mama alikuwa akipoteza macho. Dada yangu alinipigia simu kutoka Unguja akaniambia, kama nataka mama anione, basi ni mwezi huu. Mimi nilikuwa London mwaka wa tisa, nasubiri karatasi za ukaazi, na bila ya hizo siwezi kusafiri. Tukapatana kwamba Jumamosi alasiri dada ampeleke mama kwenye duka la intaneti mjini, tuonane kwenye skrini.

Asubuhi intaneti ilikuwapo. Saa yenyewe ilipofika, haipo. Kompyuta yetu, na kamera yake ndogo ya kubandika juu, ilikaa pembeni mwa sebule, na ruta, kile kisanduku cha intaneti, ilikaa mlangoni penye tundu la simu. Katikati palikuwa na waya niliouficha mwenyewe chini ya busati. Nikachomoa, nikachomeka. Nikazima vyote, nikawasha. Taa zote za ruta zinawaka ila ile ya waya wangu.

Nikapiga simu kwenye kampuni. Nikasikilizishwa muziki nusu saa nzima, na mama kule ananisubiri. Kisha bwana mmoja, mpole mpaka anakera, akaniambia nizime niwashe. Nikamwambia nimeshazima mpaka kidole kinaniuma. Akasema, basi tujaribu tena pamoja. Nikamkatia simu.

"Punguza ukali, bwana," mke wangu akasema. "Mtu wa watu yule kakukosea nini?"

Nikageuka nimjibu. Nikamwona amekaa katikati ya busati, juu ya mbuzi, anakuna nazi. Siku zote alikunia sebuleni kwa sababu jikoni kwetu hapageuki mtu. Miguu ya mbuzi ilikuwa imekanyaga pale pale ulipopita waya. Nikafunua busati. Waya umebonyea na kuchanika.

"Tui la kopo limejaa tele madukani, mtaa huu wa Thornton Heath mzima," nikafoka.

"Na aliyelisusa ni nani?"

Swali hilo ndilo lililonizidishia hasira. Waya mwingine tuliokuwa nao ulikuwa ule mfupi uliokuja na ruta, haufiki popote. Ikabidi kompyuta ndiyo iende mlangoni. Nikaibeba vipande vipande huku nanung'unika, nikavipiga teke viatu vilivyokuwa njiani, nikaitandaza sakafuni. Taa ikawaka. Dada akapokea.

Mama alikuwapo bado. Amevaa kanga mpya, uso ameusogeza mpaka umejaa skrini yote. Nikamsalimu, shikamoo mama.

"Marahaba, mwanangu," akasema, anacheka. "Nakuona. Umenenepa, mashaallah. Na ndevu zimekupendeza."

Dada, aliyekaa ubavuni pake, akainamisha kichwa. Nikatazama juu ya kompyuta. Kamera nilikuwa nimeisahau sebuleni.

"Ahsante, mama," nikamwambia. Sikuthubutu kwenda kuichukua.