Adabu ya Mshona Kofia

Mshona kofia wa Mjambere alisifiwa adabu mtaa mzima. Ukimwita, hata sindano ikiwa katikati ya kitundu cha nakshi, mkono wake ulitua kwanza, ndipo sauti laini ikatoka: "Abee." Mwaka wa tisini na mbili alianza kuitikia kabla hajaitwa. Mamake, Bi Mishi, akacheka. "Wallahi huyu adabu imempita kimo." Lakini kuitikia kukazidi, uso ukielekea ukuta usio na dirisha, na vile vitundu vya kofia, vilivyokuwa sawasawa kama punje za mtama, vikaanza kupandana. Alipopelekwa hospitali, daktari alisema huenda sehemu ya ubongo inayosikia inafanya kazi kupita kiasi, inajizulia sauti yenyewe. Aanze dawa upesi, ugonjwa ungali mchanga. Bi Mishi akazificha dawa kabatini. Posa ilikuwa imeshaletwa, na nani ataoa mgonjwa wa akili? Siku wanawake wa upande wa mume walipokuja kumtazama, alimwita bintiye aje awaamkie. Akamwita tena, akamgusa bega. Binti aliinua kiganja taratibu.

"Ngoja, mama," alisema. "Walioniita mwanzo hawajamaliza."