Mstari Mwekundu wa Kipande cha Saba

Saa mbili asubuhi, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Uledi Mbaruku anazungusha kipande cha mwamba kama anayekagua yai viza. Anatazama mistari miwili iliyochorwa ubavuni, anakunja uso, kisha anakitua mezani bila kukipima.

"Mzee Uledi, hata mawe unayafungia kwa kufuli?" anatania Salem, muuza beringi wa mlango wa pili. "Sema kweli, una dhahabu humo."

"Ingekuwa dhahabu, Salem, ungekwisha kuinusa."

Uledi, mwenye umri wa miaka 58, amechonga krenkishafti, mihimili inayozunguka ndani ya injini za malori, kwa miaka thelathini na mmoja. Jicho lake lisilosamehe kosa la unywele ndilo lililowaleta kwake wachorongaji wa visima vya jotoardhi kutoka nyanda za juu kusini. Mwamba uliobanwa ardhini, ukitolewa, hutanuka kidogo upande uliobanwa zaidi. Uledi akipima na kuupata upande huo, wahandisi hujua kisima kielekezwe wapi.

"Wakikosea upande, kuta za kisima huporomoka," anaeleza. "Na karatasi ya vipimo ina jina langu."

Ndiyo maana haamini upesi. Desturi ya kisimani ni moja: mwamba ukitoka tu, huchorwa mshale wa kuonyesha juu na mistari miwili sambamba, mwekundu kulia, mweusi kushoto. Katika kipande hiki, cha saba sandukuni, mwekundu uko kushoto.

Ansbert, mtumishi wa kampuni ya uchorongaji aliyeleta sanduku la vipande jana, anaingia. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hiki nani kakichora?"

"Hukohuko kisimani."

"Kisimani hawachori kinyume. Nitazame, Ansbert."

Ansbert anatazama viatu vyake. "Kilidondoka Jangwani, mzee, lori lilipokwama. Ubavu ukamenyeka na mistari yake, nikachora upya. Wewe saini tu, mtambo unasubiri."

"Acha usubiri. Juu hukujui, chini hukujui, halafu mimi nisaini?"

Uledi anafunga sanduku zima na kumrudishia: kimoja kikichorwa upya njiani, vingine navyo haviaminiki. Vipande kumi na viwili, ujira wa kupima kila kimoja shilingi elfu thelathini.

"Laki tatu na sitini unairudisha kwa sababu ya wino?" Salem anashangaa.

"Kwa sababu ya watu watakaosimama juu ya kisima."

Sasa Uledi ana sharti moja kwa kampuni: apelekwe kisimani, mwamba utoke mbele ya macho yake, auchore kwa mkono wake. Jibu halijaja. Kalamu mbili ziko tayari katika mifuko ya ovaroli yake: nyekundu kulia, nyeusi kushoto.